Dhana isiyotajwa

Dhana isiyotajwa (pia: dhana iliyofichika) ni jambo ambalo mtoa hoja analichukua kuwa kweli bila kulisema, na ambalo likiondolewa sababu alizozitoa hazifikishi tena kwenye hitimisho lake. Katika mantiki dhana hiyo ni sehemu ya hoja sawa na sababu zilizosemwa wazi. Tofauti ni kwamba msikilizaji au msomaji ameachiwa aijazie mwenyewe, na mara nyingi huijazia bila kujua kwamba amefanya hivyo.

Maswali ya kutambua dhana zisizotajwa hutokea mara kwa mara katika majaribio ya kufikiri kimantiki, hasa mitihani ya kuingia vyuo vya sheria na biashara na majaribio ya kuchagua waombaji wa kazi. Stadi hiyo inahitajika pia nje ya chumba cha mtihani: katika kusoma gazeti, kumsikiliza mgombea, kupima tangazo la dawa au kuandika insha. Kosa kubwa la watahiniwa ni kutafuta jambo ambalo ni kweli, au ambalo linaipa hoja nguvu, badala ya jambo ambalo hoja haiwezi kusimama bila hilo.

## Istilahi

Neno "dhana" lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni wazo au picha ya jambo akilini, kama katika "dhana ya uhuru". Maana ya pili ni jambo linalodhaniwa, yaani linalochukuliwa kuwa kweli bila kuthibitishwa. Makala hii inatumia maana ya pili.

Maneno mengine yanayohitajika ni haya:

- Hoja: mfululizo wa kauli ambamo baadhi zinatolewa ili kuitetea nyingine.
- Sababu (au kauli tangulizi): kauli zinazotolewa kama ushahidi.
- Hitimisho: kauli inayotetewa.

Hitimisho halipo mwisho wa aya kila mara. Hutambulishwa na maneno kama "kwa hiyo", "hivyo", "basi" na "ndiyo maana". Sababu hutambulishwa na "kwa sababu", "kwa kuwa", "kwani", "maana" na "kwa vile". Maneno hayo yasipokuwepo, msomaji ajiulize: mwandishi anataka nikubali nini?

## Muundo

Fikiria hoja hii fupi:

> Mawingu meusi yametanda. Kwa hiyo tuanue nguo.

Kila mtu anaielewa, ingawa mengi hayakusemwa: kwamba nguo zimeanikwa nje, kwamba mawingu meusi ni dalili ya mvua, kwamba mvua italowesha nguo, na kwamba hatutaki zilowe. Msemaji akiyataja yote ataonekana anawachosha watu. Kuacha mambo bila kuyasema, basi, si udanganyifu wala si kosa. Ndiyo njia ya kawaida ya binadamu kuzungumza.

Shida huanza pale jambo lililoachwa linapokuwa la mashaka. Linganisha na hoja hii:

> Hakuna aliyepinga pendekezo mkutanoni. Kwa hiyo wanakijiji wote wamelikubali.

Muundo ni uleule, lakini safari hii hoja inategemea dhana kwamba kila asiyekubali angesimama na kusema. Huenda baadhi walimwogopa mwenyekiti, wengine hawakuelewa, na wengine hawakuhudhuria. Methali isemayo "kimya kingi kina mshindo mkuu" inaonya juu ya dhana hiyohiyo. Anayeitambua anajua la kuuliza kabla muhtasari wa mkutano haujatiwa saini.

## Historia

Aristoteli (384 KK – 322 KK), mwanafalsafa wa Ugiriki ya Kale, alijadili hoja za namna hii katika kitabu chake kuhusu ufasaha wa kuhutubia. Aliita hoja ya mhutubu *enthimema*, akaeleza kwamba mara nyingi huwa na kauli chache kuliko hoja kamili kwa sababu wasikilizaji huongeza wenyewe wanachokijua. Mfano wake ulimhusu mwanamichezo Dorieus: ukitaka kusema kwamba alipata taji, inatosha kusema alishinda Olimpia, maana kila Mgiriki alijua kwamba zawadi ya Olimpia ni taji.

Elimu hiyo iliendelezwa na wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu, wakiwemo Al-Farabi na Ibn Sina. Hoja ambayo kauli yake moja imeachwa waliiita *damir*, yaani kilichofichwa moyoni. Neno hilo ndilo asili ya neno la Kiswahili "dhamiri", kama ambavyo "mantiki" nalo limetoka Kiarabu.

Katika hisabati, Euklides ni mfano mashuhuri wa dhana iliyopita bila kuonekana. Katika uthibitisho wa kwanza kabisa wa kitabu chake cha jiometri anachora duara mbili zenye nusukipenyo sawa, kila moja ikiwa na kitovu chake kwenye ncha moja ya mstari, kisha anatumia nukta zinapokatana kuunda pembetatu yenye pande sawa. Hakuna kanuni yoyote kati ya zile alizoziorodhesha mwanzoni inayohakikisha kwamba duara hizo zitakatana. Mchoro unaonyesha hivyo, na jicho likaridhika. Mapengo kama hayo katika jiometri yalizibwa rasmi katika karne ya 19, hasa kwa kazi za Moritz Pasch (1882) na David Hilbert (1899).

Katika karne ya 20, mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alitoa kitabu kuhusu matumizi ya hoja mwaka 1958. Humo alitenganisha ushahidi, dai, na kile kinachompa mtu kibali cha kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Kibali hicho mara nyingi hakisemwi, na mtoa hoja hutakiwa kukitaja pale tu anapoulizwa: "Umefikaje hapo?"

## Katika majaribio

Mitihani kadhaa inayojulikana kimataifa ina maswali ya aina hii:

- LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria nchini Marekani na Kanada, ulianza mwaka 1948. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za kufikiri kimantiki. Kila sehemu hudumu dakika 35 na huwa na maswali takriban 25, kila swali likiwa na majibu matano ya kuchagua. Mtahiniwa ana chini ya dakika moja na nusu kwa swali.
- GMAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara, nao huuliza hoja fulani inategemea dhana gani.
- Watson-Glaser, jaribio lililopewa majina ya wanasaikolojia Goodwin Watson na Edward Glaser wa Marekani, lina sehemu tano. Moja ni ya kutambua dhana: mtahiniwa hupewa kauli na dhana zilizopendekezwa, akaamua kwa kila moja kama imechukuliwa katika kauli au la. Hutumiwa na kampuni nyingi za mawakili nchini Uingereza katika kuchagua waajiriwa.
- Nchini India, mitihani ya ajira za benki na za serikali ina maswali ya "kauli na dhana" ya namna hiyohiyo.

Katika majaribio yote hayo mtahiniwa haulizwi kama sababu zilizotolewa ni za kweli. Anatakiwa azikubali kama zilivyo, kisha aangalie pengo lililopo kati ya sababu na hitimisho.

## Namna ya kutambua

Hatua zifuatazo zinafaa kwa maswali mengi:

1. Tafuta hitimisho. Liseme kwa maneno yako mwenyewe, kwa ufupi, bila kuliongezea nguvu.
2. Tafuta sababu. Tenganisha ushahidi na maelezo ya pembeni.
3. Tafuta pengo. Jiulize: je, sababu zote hizi zinaweza kuwa kweli na bado hitimisho likawa si kweli? Ikiwa ndiyo, ni katika hali gani?
4. Sema dhana kabla ya kusoma majibu. Anayesoma majibu kwanza huvutwa na jibu lililoandikwa vizuri.
5. Jaribu kwa kukanusha. Kanusha jibu ulilochagua uone kama hoja inaanguka.

Katika hatua ya tatu kuna mapengo ya aina mbili.

Pengo la daraja hutokea pale hitimisho linapoleta neno jipya ambalo halikuwemo katika sababu. Mfano:

> Asali ni kitu cha asili. Kwa hiyo asali haina madhara kwa mtu yeyote.

Sababu inazungumzia "asili", hitimisho linazungumzia "madhara". Kinachoziunganisha ni dhana kwamba kitu cha asili hakina madhara. Dhana ikishasemwa, udhaifu wake unaonekana: madaktari hushauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, kwa kuwa inaweza kuwa na viini vya bakteria vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa hatari kwa watoto wachanga.

Pengo la kinga hutokea pale maneno yanapolingana lakini kuna uwezekano ambao mtoa hoja hakuuzuia. Mfano:

> Shule ilianzisha masomo ya jioni mwaka huu, na wastani wa alama za hisabati umepanda. Kwa hiyo masomo ya jioni yamepandisha alama.

Hapa inadhaniwa kwamba hakuna sababu nyingine inayoeleza kupanda huko kote: mtihani haukuwa rahisi zaidi, hakuja mwalimu mpya, na wanafunzi dhaifu hawakuhama. Kila mojawapo ni mlango ambao hoja inahitaji uwe umefungwa.

## Dhana ya lazima na dhana ya kutosha

Tofauti hii ndiyo inayowapotezea watahiniwa alama nyingi. Dhana ya lazima ni ile ambayo isipokuwa kweli, hoja inaanguka. Dhana ya kutosha ni ile ambayo ikiongezwa kwenye sababu, hitimisho linafuata bila shaka. Dhana inaweza kuwa mojawapo, zote mbili, au isiwe hata moja. Tazama hoja hii:

> Juma amekosa basi la saa 12 asubuhi. Kwa hiyo leo atachelewa kazini.

Linganisha kauli nne:

- "Hakuna jirani atakayempa Juma lifti ya kumfikisha kwa wakati." Hii ni ya lazima, maana akiwepo jirani wa hivyo, Juma atawahi. Lakini haitoshi, kwa kuwa Juma anaweza kuchukua bodaboda.
- "Kila anayekosa basi hilo huchelewa kazini." Hii inatosha. Lakini si ya lazima: mwenzake mwenye gari anaweza kukosa basi na kuwahi, na hoja kuhusu Juma ikabaki palepale.
- "Juma hana njia nyingine yoyote ya kufika kazini kwa wakati." Hii ni ya lazima na inatosha.
- "Juma huchelewa mara kwa mara." Hii si ya lazima wala haitoshi. Inaongeza uwezekano tu.

Swali likiuliza hoja "inategemea", "inahitaji" au "inachukulia" nini, linataka dhana ya lazima. Likiuliza ni kauli gani "ikichukuliwa kuwa kweli, hitimisho linafuata", linataka dhana ya kutosha. Kwa swali la kwanza, jibu lenye maneno makali kama "kila", "siku zote" au "pekee" litiliwe shaka, kwa sababu hoja ya kawaida haihitaji dai kubwa kiasi hicho. Kwa swali la pili, maneno makali yanaweza kuwa ndiyo yanayotakiwa.

## Kukanusha katika Kiswahili

Jaribio la kukanusha hufanya kazi ikiwa ukanushi ni sahihi. Kukanusha kauli si kusema kinyume chake cha mbali kabisa. Ni kusema tu kwamba kauli hiyo si kweli.

- "Wote wamefaulu" hukanushwa na "Si wote waliofaulu", yaani angalau mmoja hakufaulu. Haikanushwi na "Hakuna aliyefaulu".
- "Baadhi wamefaulu" hukanushwa na "Hakuna hata mmoja aliyefaulu".
- "Hakuna aliyefaulu" hukanushwa na "Angalau mmoja amefaulu".
- "Zaidi ya nusu wamefaulu" hukanushwa na "Waliofaulu ni nusu au pungufu".
- "Ni lazima kulipa kwanza" hukanushwa na "Si lazima kulipa kwanza", wala si "Ni lazima kutolipa kwanza".

Mambo mawili ya lugha yenyewe yanahitaji uangalifu. La kwanza ni sentensi kama "Wanafunzi wote hawakufaulu". Baadhi ya wasomaji wataielewa kuwa hakuna aliyefaulu, na wengine kuwa si wote waliofaulu. Mtunzi wa swali na mtahiniwa wote wawili wafuate umbo lisilo na utata: "Si wanafunzi wote waliofaulu" au "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu".

La pili ni tofauti kati ya "ni" na "ndi-". Kusema "Mbegu bora ni sababu ya mavuno mazuri" kunaacha nafasi kwa sababu nyingine, kama mvua na mbolea. Kusema "Mbegu bora ndiyo sababu ya mavuno mazuri" kunaelekea kuzifungia nje sababu hizo. Silabi chache zinabadilisha ukubwa wa dai, na kwa hiyo zinabadilisha pia dhana ambazo hoja inazihitaji.

## Mfano wa swali lenye majibu matano

> Mwezi Januari halmashauri ya mji iliweka taa katika mtaa wa sokoni. Kuanzia Februari hadi Aprili, polisi walipokea taarifa chache za wizi wa usiku kutoka mtaa huo kuliko katika miezi mitatu iliyotangulia uwekaji wa taa. Kwa hiyo taa zimepunguza wizi wa usiku katika mtaa wa sokoni.
>
> Hoja hii inategemea dhana ipi?
>
> A. Taa ni njia ya gharama nafuu kuliko zote za kupambana na wizi.
>
> B. Wizi wa mchana katika mtaa huo haukupungua katika kipindi hicho.
>
> C. Kupungua kwa taarifa hakukutokana tu na wakazi kuacha kuripoti wizi.
>
> D. Kila mtaa unaowekewa taa hupata upungufu wa wizi.
>
> E. Wakazi wengi wa mtaa huo walitaka taa ziwekwe.

Hitimisho linahusu *wizi*, na ushahidi unahusu *taarifa za wizi*. Pengo liko hapo.

Jibu A linazungumzia gharama, ambazo hoja haikuzigusa. Jibu E linahusu matakwa ya wakazi, nayo hayaongezi wala hayapunguzi wizi uliotokea. Jibu D ni kali mno: hoja inahusu mtaa mmoja, na taa zinaweza kuwa zimesaidia hapa na zisisaidie kwingine.

Jibu B ndilo linalovutia, kwa sababu linaipa hoja nguvu: kama wizi wa usiku peke yake ndio uliopungua, taa zinashukiwa zaidi. Lakini likanushe: wizi wa mchana nao ulipungua. Je, hoja imeanguka? Haijaanguka. Inawezekana taa zilipunguza wa usiku na jambo jingine likapunguza wa mchana. Hoja imedhoofika tu.

Kanusha sasa jibu C: kupungua kwa taarifa kulitokana tu na wakazi kuacha kuripoti. Basi hakuna ushahidi wowote kwamba wizi umepungua, na hitimisho halina mahali pa kusimama. Jibu ni C.

## Mfano wa swali la kauli na dhana

> Tangazo: "Jifunze kompyuta kwa miezi mitatu katika chuo chetu, uongeze nafasi yako ya kupata kazi."
>
> 1. Kuna watu wanaotaka kuongeza nafasi yao ya kupata kazi.
>
> 2. Angalau baadhi ya waajiri wanathamini ujuzi wa kompyuta.
>
> 3. Hakuna anayeweza kuajiriwa bila kujua kompyuta.
>
> 4. Chuo hiki kinafundisha vizuri kuliko vyuo vingine.

Dhana ya 1 na ya 2 zimechukuliwa: bila ya kwanza tangazo halina wa kumlenga, na bila ya pili ahadi yake ni tupu. Dhana ya 3 haikuchukuliwa, kwa kuwa kuongeza nafasi si sawa na kusema hakuna njia nyingine. Dhana ya 4 nayo haikuchukuliwa. Mwenye chuo anaweza kuamini hivyo, lakini tangazo hili halikulinganisha chuo chake na kingine chochote.

## Makosa ya kawaida

- Kuchagua kilichokwisha kusemwa. Kauli iliyomo katika hoja, hata kwa maneno mengine, si dhana isiyotajwa.
- Kuchagua hitimisho au matokeo yake. Kinachofuata baada ya hitimisho hakikuhitajika ili kulifikia.
- Kuchagua ukweli wa nje. Jibu linaweza kuwa kweli kabisa na lisihusike na hoja.
- Kuibebesha hoja mzigo mkubwa. Kusema hoja inadhani "kila" wakati inahitaji "huyu mmoja" tu.
- Kuchanganya hoja na mtoa hoja. Swali ni hoja inahitaji nini, si mtu huyo anaamini nini.

## Nje ya mtihani

Dhana iliyofichika huweza kuleta hasara kubwa. Mwaka 1936 gazeti la *Literary Digest* la Marekani lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10 kabla ya uchaguzi wa rais, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Kwa hesabu hizo lilitabiri kwamba Alfred Landon angemshinda Franklin D. Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Hesabu ya karatasi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa dhana mbili ambazo hazikusemwa: kwamba watu waliomo katika orodha zilizotumika, zikiwemo za wenye simu na wenye magari, wanafanana na wapiga kura wote, na kwamba waliojibu wanafanana na wasiojibu. Katika miaka ya dhiki ya uchumi, kuwa na simu au gari kulikuwa dalili ya uwezo wa kifedha.

Kinyume chake, kuitambua dhana mapema kunaweza kuokoa maisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald, mzaliwa wa Austria-Hungaria aliyekuwa akifanya kazi katika kundi la watafiti wa takwimu kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichunguza jinsi ya kukadiria udhaifu wa ndege za kivita kutokana na matundu ya risasi. Mtu angeweza kusema: sehemu zenye matundu mengi ndizo zinazohitaji kukingwa zaidi. Hoja hiyo inadhani kwamba ndege zilizochunguzwa zinawakilisha ndege zote zilizopigwa. Lakini zilizochunguzwa ni zile zilizorudi. Sehemu ambayo ndege zilizorudi hazina matundu yanaweza kuwa ndipo palipopigwa zile zilizoanguka.

Katika maisha ya kila siku dhana hizi zimo katika maneno ya kawaida: "Amesoma shule ya kijijini, kwa hiyo hataweza kazi hii", "Dawa hii imetumika tangu enzi za mababu, kwa hiyo ni salama", "Bei imepanda, kwa hiyo wafanyabiashara wameficha bidhaa". Kumwomba msemaji aitaje dhana yake si kumtukana. Ni kumpa nafasi ya kuitetea, au kuiacha.

## Mipaka

Si kila jambo lisilotajwa linastahili kutajwa. Hoja yoyote inadhani kwamba maneno yana maana na kwamba wasikilizaji wana kumbukumbu. Anayedai kila kitu kisemwe hatafika popote. Kinachotafutwa ni dhana ambayo hitimisho linaitegemea na ambayo mtu mwenye busara angeweza kuitilia shaka.

Pia, kugundua dhana isiyotajwa si kuthibitisha kwamba hitimisho ni la uongo. Dhana inaweza kuwa kweli, na taa za mtaa wa sokoni zinaweza kuwa zimepunguza wizi kweli. Kilichobadilika ni kwamba sasa inajulikana ni nini kinachotakiwa kuchunguzwa. Msomaji mwadilifu huijazia hoja ya mwenzake dhana nyepesi inayotosha kuisimamisha, hata kama angependa hoja hiyo ianguke.

Hatimaye, jaribio la aina hii hupima pia ufasaha wa lugha. Mtahiniwa anayefanya mtihani kwa lugha asiyoimudu vizuri anaweza kukosa jibu kwa kutoelewa neno moja dogo kama "tu" au "angalau", si kwa kushindwa kufikiri. Ndiyo sababu mazoezi ya maswali haya kwa Kiswahili yana manufaa hata kwa anayejiandaa kwa mtihani wa lugha nyingine: pengo lililotambuliwa katika lugha unayoimudu ni rahisi kulitambua katika lugha ya pili.

## Tazama pia

- Mantiki
- Hoja
- Falsafa
- Aristoteli
- Takwimu